Jeraha la Ubongo, Tone la Damu na Umbali wa CT-Scan

Miongoni mwa majeraha yanayofikishwa katika idara za dharura, jeraha la ubongo ndilo linalojificha kuliko yote, kwa sababu fuvu linaweza kubaki zima, ngozi isichanike, na majeruhi akajibu kila swali analoulizwa, ilhali ndani mshipa unaendelea kuvuja na damu inajikusanya polepole kati ya mfupa na utando unaoufunika ubongo. Madaktari wa upasuaji wa ubongo wanaifahamu vizuri hali hiyo: mgonjwa huzirai kwa muda mfupi, huzinduka, huzungumza na ndugu zake na pengine huomba arudishwe nyumbani, kisha baada ya saa chache fahamu humtoka tena, mboni ya jicho moja hutanuka, na muda wa kumwokoa huwa umebaki mchache sana. Upasuaji wa kuiondoa damu hiyo si wa ajabu kwa daktari aliyefunzwa, na aliyewahiwa mara nyingi hupona na kurudi kazini. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo anapokufa, kilichomuua kwa kiasi kikubwa ni kuchelewa kujua.

Kujua huko kumetegemea vyombo viwili kwa takriban nusu karne. Cha kwanza ni mashine ya CT-scan, ambayo ilipiga picha ya kichwa cha mgonjwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, ikiwa ni kazi ya mhandisi Godfrey Hounsfield, aliyepewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kuzitafakari hesabu za picha hizo alipokuwa akihudumu katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Cha pili ni kipimo cha Glasgow, jedwali lililochapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, ambalo humpa mgonjwa alama kuanzia 3 hadi 15 kwa kutazama anavyofungua macho, anavyozungumza na anavyoitikia kwa viungo vyake. Jedwali hili halihitaji umeme wala fedha, na muuguzi wa zahanati anaweza kulitumia. Udhaifu wake ni kwamba wagonjwa wenye alama 13 hadi 15, ambao jeraha lao huitwa dogo, ndio walio wengi kuliko wote, na ndani ya kundi hilo ndimo wanamojificha wale wachache wanaovuja damu.

Katika Afrika Mashariki vyombo hivi viwili vimetengana kwa umbali wa barabara. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi mgonjwa wa kichwa alitegemea Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC mjini Moshi, au ya Bugando jijini Mwanza, na ingawa mashine zimeongezwa katika hospitali za rufaa za mikoa katika miaka ya karibuni, kati ya kijiji ambako pikipiki imeanguka na chumba chenye CT-scan bado kuna gari la kukodi, ada ya kipimo na mtaalamu wa kuisoma picha, ambaye huenda zamu yake imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Yeyote aliyepita katika wodi za majeruhi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anajua jinsi bodaboda ilivyoibadili sura ya wodi hizo.

Ndiyo maana habari kwamba jeraha la ubongo linaweza kutambuliwa kwa damu, kwa kifaa cha kushikwa mkononi, ndani ya dakika 15, inastahili kusikilizwa kwa makini katika nchi hizi, na kwa makini zaidi kuliko ambavyo wauzaji wa vifaa wangependa. Hoja ya makala haya ni kwamba kifaa hicho kinafaa kutakwa na hata kudaiwa, lakini kimetengenezwa ili kujibu swali la hospitali za nchi tajiri, na swali la hospitali za Afrika Mashariki ni tofauti. Kikinunuliwa kama kilivyo, bila namba zake kupimwa upya kwa wagonjwa wa hapa, kinaweza kuwaongezea watu mzigo badala ya kuwaokoa.

Msingi wa kisayansi unaeleweka bila shida. Ubongo umejengwa na seli za neva pamoja na seli za kuzitegemeza, na miongoni mwa hizi za pili zipo astrosaiti, seli zenye umbo la nyota ambazo mifupa yake ya ndani imefumwa kwa protini iitwayo GFAP. Ndani ya seli za neva zenyewe kuna kimeng'enya kinachoitwa UCH-L1, ambacho kazi yake ni kusaidia kusafisha protini zilizochakaa. Protini hizi mbili katika hali ya kawaida hubaki ndani ya ubongo, na kiasi kinachopatikana katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni kidogo mno. Lakini kichwa kinapogongwa, seli huraruka, kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo hulegea, na protini hizo huvujia kwenye mzunguko wa damu. Kiashiria cha kibiolojia, kwa maana ya kitabibu, ni kitu cha namna hiyo hasa: dutu inayopimika ambayo kuwepo kwake kwa wingi fulani kunasimulia jambo linalotokea mahali pasipofikika kwa jicho.

Tarehe 14 Februari 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha aina hiyo, kilichogharimiwa kwa sehemu kubwa na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo kwa sababu ya askari waliokuwa wakirudi kutoka vitani na vichwa vilivyotikiswa na milipuko. Kipimo hicho cha kwanza kilikuwa cha maabara na majibu yake yalichukua saa 3 hadi 4. Mwaka 2021 kilifuata kipimo cha katriji kinachoingizwa katika mashine ndogo ya mkononi iitwayo i-STAT, kilichotoa majibu ndani ya dakika 15 lakini kikihitaji plazma, yaani majimaji ya damu yaliyokwisha kutenganishwa na chembe zake kwa kuzungushwa kwa kasi. Na mwaka 2024 kikaidhinishwa kile kinachotumia damu kamili, ambayo mhudumu huitoa mshipani na kuidondosha kwenye katriji moja kwa moja, bila kuizungusha kwanza. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyokileta kipimo karibu na mazingira ya zahanati, kwa kuwa mashine ya kuzungusha damu ni mojawapo ya vitu vya kwanza kukosekana umeme unapokatika.

Ndani ya katriji hiyo kuna biosensa ya kielektrokemia, na inafaa kueleza inavyofanya kazi, kwa sababu uwezo wake na udhaifu wake vyote vinatokana na hapo. Biosensa ni kifaa kinachounganisha kitu cha kibiolojia chenye uwezo wa kukamata dutu moja tu kati ya nyingi, na chombo cha kuugeuza ukamataji huo kuwa ishara inayosomeka. Inapoitwa ya kielektrokemia, maana yake ni kwamba ishara hiyo ni umeme unaotokana na mmenyuko wa kemikali juu ya elektrodi, yaani kipande kidogo cha dhahabu au kaboni kinachopitisha elektroni. Kingamwili zilizobandikwa karibu na elektrodi hukamata protini ya ubongo inapopita. Kingamwili ya pili, iliyofungwa na kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali, hujishika upande wa pili wa protini hiyohiyo. Mabaki huoshwa, kisha kemikali fulani huletwa ambayo kimeng'enya huikata na kuachia molekuli iliyo tayari kutoa elektroni. Elektroni zikifika kwenye elektrodi huzaliwa mkondo mdogo wa umeme, unaopimwa kwa nanoampea, na kadiri protini inavyokuwa nyingi ndivyo mkondo unavyokuwa mkubwa. Kimeng'enya kimoja hukata molekuli nyingi mno kwa dakika, na wingi huo ndio unaokuza sauti ya protini ambazo peke yake zisingesikika.

Njia hii ina ukoo wa kuheshimika. Leland Clark na Champ Lyons walieleza mwaka 1962, nchini Marekani, wazo la kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi ili kupima sukari ya damu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Oxford na Cranfield, Uingereza, walitumia kampaundi ya chuma iitwayo ferosini kuzibeba elektroni kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye elektrodi, na mwaka 1987 kikaingia sokoni kipimo cha sukari chenye umbo la kalamu. Elektrodi za vitepe vya leo huchapwa kwa wino wa kaboni kupitia chujio, ambayo ndiyo mbinu ileile inayotumika kuchapa maandishi kwenye fulana za kampeni, na kwa sababu hiyo bei ya kutengeneza elektrodi moja ni ndogo sana. Kipimo cha sukari kinachotumika leo katika zahanati za Tanzania na Kenya, na katika nyumba nyingi za wagonjwa wa kisukari, ni biosensa ya kielektrokemia, na hilo peke yake linathibitisha kwamba teknolojia hii inaweza kuvumilia maisha nje ya maabara.

Hata hivyo, kutoka kwenye sukari hadi kwenye protini za ubongo kuna safari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kizingiti cha GFAP, yaani kiwango kinachotenganisha jibu safi na jibu la onyo, katika kipimo cha plazma cha i-STAT ni pikogramu 30 katika mililita moja, na pikogramu ni sehemu moja kati ya sehemu trilioni moja za gramu. Katika mililita hiyohiyo ya damu, protini moja tu ya kawaida, albumini, ina uzito wa takriban miligramu 40, kwa maana kwamba albumini inaizidi GFAP kwa zaidi ya mara bilioni moja. Ukihesabu kwa idadi ya molekuli, sukari katika damu ya mtu mzima inaizidi GFAP kwa karibu mara bilioni 8. Biosensa inatakiwa kuipata protini hiyo adimu katikati ya umati wa protini nyingine ambazo, zisipozuiwa, hujibandika kwenye elektrodi na kuifunika, na mkondo wa umeme ukapungua au ukapanda kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubongo.

Ni hapa ambapo msomaji wa majarida ya kisayansi anahitaji tahadhari. Makala nyingi kuhusu biosensa mpya, za grafini, za chembe nano za dhahabu, za transista, hutangaza uwezo wa kupima viwango vidogo kuliko vinavyohitajika hospitalini, lakini vipimo hivyo aghalabu hufanywa katika maji ya chumvi yaliyosafishwa ambamo protini imetiwa kwa mkono, na damu ya mgonjwa haifanani na maji hayo. Kwa mfano, biosensa za transista, ambazo huhisi chaji ya protini moja kwa moja bila kuhitaji kimeng'enya, hukabiliwa na kikwazo cha kifizikia: ayoni za chumvi zilizomo katika damu huificha chaji yoyote iliyo mbali na uso wa kifaa kwa zaidi ya takriban nanomita moja, ilhali kingamwili yenyewe ina urefu wa nanomita zipatazo 10. Watafiti hulikwepa tatizo hilo kwa kuipunguza chumvi ya sampuli, jambo linaloongeza hatua ya maabara katika kifaa ambacho sifa yake yote ilikuwa kutohitaji maabara. Kiwango kidogo kabisa kinachopimika katika maji safi kisipewe uzito na mtu yeyote anayenunulia hospitali. Kinachostahili kuulizwa ni kifaa kilifanya nini katika damu kamili za mamia ya majeruhi halisi.

Joto nalo si jambo dogo. Katriji za i-STAT huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na mashine yenyewe imekusudiwa kufanya kazi katika chumba kisichozidi nyuzi 30, kiwango ambacho Dar es Salaam, Mombasa au Tanga hukipita mchana wa kawaida wa Februari. Kingamwili ni protini, na protini huharibika kwa joto. Kwa sababu hiyo utafiti wa aptama, nyuzi fupi za DNA au RNA zinazochaguliwa maabara kwa uwezo wao wa kujikunja na kukamata dutu fulani, pamoja na ule wa plastiki zilizofinyangwa kwa umbo la protini inayotafutwa, una maana kubwa zaidi kwa nchi za joto kuliko kwa nchi ulikoanzia. Aptama ya DNA inaweza kupashwa joto, ikapoa na kujikunja upya. Kingamwili iliyoharibika hairudi. Kama kuna tawi la utafiti huu ambalo vyuo vya Afrika Mashariki vingepaswa kuligharimia kwa fedha zao wenyewe, ni hilo, kwa sababu viwanda vinavyouza katriji katika hospitali zenye viyoyozi havina haraka nalo.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote kimo katika namba inayogawanya jibu la ndiyo na jibu la hapana. Utafiti mkubwa uliokuwa msingi wa idhini ya mwaka 2018, uitwao ALERT-TBI, ulichambua wagonjwa 1,959 katika vituo 22 vya Marekani, Ujerumani na Hungaria. Kati yao ni takriban asilimia 6 tu waliokuwa na jeraha linaloonekana kwenye CT-scan, na kipimo cha damu kiliwatambua asilimia 97.6 ya hao. Huo ni uwezo mkubwa wa kutomwacha mgonjwa. Kwa upande wa pili, miongoni mwa wale ambao picha zao zilikuwa safi, ni asilimia 36 tu waliopewa jibu safi na kipimo cha damu. Waliobaki, karibu theluthi mbili, waliambiwa kuwa viashiria vyao vimepanda.

Wabunifu wa kipimo hawakukosea kufanya hivyo. Kizingiti kiliwekwa chini kwa makusudi, kwa sababu swali walilokuwa wakilijibu ni hili: katika hospitali ambayo CT-scan ipo ghorofa ya chini na kila aliyegonga kichwa hupelekwa huko, ni nani anayeweza kuepushwa na mionzi na gharama bila hatari? Kwa swali hilo, kumwepusha mtu mmoja kati ya watatu ni faida halisi, na mtu aliyepewa jibu la tahadhari bila sababu hapotezi chochote zaidi ya kupigwa picha ambayo angepigwa hata hivyo. Katika hospitali ya wilaya isiyo na CT-scan, swali limegeuka: kati ya majeruhi walioketi kwenye benchi, ni nani apakiwe kwenye gari usiku huu na kupelekwa umbali wa saa 5, na ni nani akae hapa hadi asubuhi?

Hesabu inaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi unaoumiza. Wakichukuliwa wagonjwa 1,000 wenye uwiano huohuo wa ALERT-TBI, 60 watakuwa na jeraha linaloonekana, na kipimo kitawakamata 58 au 59 kati yao. Lakini katika 940 wasio na jeraha hilo, kipimo kitawaonya takriban 600. Kwa hiyo wangesafirishwa watu zaidi ya 650 ili kuwafikia wasiozidi 60. Kila safari ina dereva, mafuta, muuguzi anayeondolewa wodini, na familia inayouza mbuzi au kukopa kwa jirani ili kulipia kipimo ambacho mara 9 kati ya 10 kitasema hakuna kitu. Baada ya miezi michache ya hali hiyo, wahudumu wangeacha kukiamini kipimo, na familia zingeacha kukubali rufaa, zikiwemo za wale 60.

Suluhisho halimo katika kukitupa kifaa, kwa kuwa mkondo wa umeme ni kiasi kinachopanda hatua kwa hatua, nalo jibu la ndiyo au hapana limetengenezwa na kizingiti. Kadiri GFAP inavyopanda ndivyo uwezekano wa jeraha kubwa unavyoongezeka. Kinachowezekana, na kinachopaswa kuchunguzwa, ni kuwa na vizingiti viwili. Aliye chini ya kizingiti cha chini aruhusiwe kurudi nyumbani kwa maelekezo. Aliye juu ya kizingiti cha juu asafirishwe mara moja bila kusubiri alama zake za Glasgow zishuke. Na aliye katikati alazwe, apimwe fahamu kila saa, na damu yake ipimwe tena. Mpango wa namna hiyo ungeitumia biosensa kwa kazi inayoiweza zaidi, yaani kupanga foleni ya rufaa, na ungeliheshimu jedwali la Glasgow kama mshirika wake. Lakini namba za vizingiti hivyo haziwezi kukopwa kutoka Hungaria.

Sababu ya kutokopa ipo kwenye kumbukumbu za kitabibu. Kabla ya GFAP na UCH-L1, nchi za Skandinavia ziliingiza katika mwongozo wao wa mwaka 2013 protini nyingine, S100B, ikipimwa ndani ya saa 6 tangu kuumia, na kizingiti chake kikiwa mikrogramu 0.10 katika lita. Tatizo ni kwamba S100B haipatikani katika ubongo peke yake: ipo katika mafuta ya mwili, katika gegedu, na katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watu wenye afya wenye asili ya Afrika na Asia walikuwa na viwango vya juu vya S100B kuliko wenye asili ya Ulaya. Kizingiti kilichowekwa Oslo au Stockholm kingewaonya watu wengi wa Dodoma kwa sababu tu ya rangi ya ngozi yao. GFAP haina kasoro hiyo kwa kadiri inavyojulikana jinsi inavyozalishwa, lakini funzo linabaki: namba ya kawaida ni mali ya watu waliopimwa, na haihami mpaka ithibitishwe.

Magonjwa ya hapa yanazidi kulitia suala hili uzito. Katika utafiti uliofanywa Kampala kwa watoto waliolazwa kwa malaria kali, protini ya tau, ambayo ni kiashiria kingine cha kuumia kwa seli za neva, ilipanda katika damu, na kupanda kwake kukahusishwa na vifo na pia na udhaifu wa akili kwa walionusurika. Habari hiyo ni njema kwa sayansi, maana inaonyesha kuwa viashiria hivi vinaweza kusaidia nje ya ajali, na wakati huohuo ni onyo: kijana mwenye homa aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki anaweza kubeba sababu mbili za ubongo wake kuvuja protini, na kipimo hakitasema ni ipi. Zaidi ya hayo, kipimo cha sasa kimeidhinishwa kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na majeruhi wa kichwa katika nchi hizi ni pamoja na watoto wengi wanaogongwa wakivuka barabara kwenda shuleni.

Muda nao haufanani. Uchunguzi wa Marekani uliowafuatilia majeruhi kwa siku kadhaa, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa UCH-L1 hupanda mapema, ikafika kilele kwenye saa ya 8 hivi, kisha ikaporomoka ndani ya siku mbili, ilhali GFAP hufika kilele kwenye saa ya 20 na kuendelea kuonekana hadi siku 7. Vipimo vilivyoidhinishwa vinahitaji damu itolewe ndani ya saa 24 au pungufu. Mgonjwa wa Sumbawanga au Turkana aliyekaa kwanza katika zahanati, kisha katika kituo cha afya, kisha akasubiri gari, anaweza kufika siku ya pili, wakati ambapo UCH-L1 imekwisha kunyamaza. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, biosensa ya GFAP pekee, iliyo rahisi na ya bei nafuu zaidi kwa kuwa inapima kitu kimoja, huenda ikawa na thamani kubwa kuliko ile ya viashiria viwili inayouzwa sasa. Hilo ni dhana inayohitaji kupimwa, na hakuna sababu ya kusubiri lipimwe na mtu mwingine.

Inafaa pia kukumbusha kwamba picha safi ya CT-scan haimaanishi ubongo mzima. Katika utafiti wa TRACK-TBI uliochapishwa mwaka 2019, kati ya wagonjwa 450 ambao CT-scan zao hazikuonyesha kitu, 120 walikutwa na majeraha walipopigwa picha za MRI, na GFAP yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Dereva wa bodaboda anayesahau njia na kuumwa kichwa kwa wiki kadhaa baada ya ajali ana ugonjwa halisi, hata kama CT-scan haikuuona.

Kuhusu bei, uzoefu upo na si wa kufurahisha. Wagonjwa wa kisukari wanajua kuwa mashine hupatikana kwa urahisi na vitepe ndivyo vinavyomaliza fedha. Katriji ya kupimia kifua kikuu ya GeneXpert ilikaa kwenye bei ya dola 9.98 kwa nchi maskini kwa zaidi ya muongo, na ilishushwa hadi dola 7.97 mwaka 2023 baada ya shinikizo la muda mrefu la mashirika ya afya. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikiingia sokoni moja moja zitauziwa mashine kwanza na kujadili bei ya katriji baadaye, wakati ambapo hazina tena pa kwenda. Zikijadiliana kwa pamoja, kabla ya mashine ya kwanza kuwekwa mezani, zina nguvu ya kudai bei, joto la kuhifadhia, na haki ya kurekebisha vizingiti kwa takwimu zao.

Elimu ya kutengeneza vifaa hivi haipo ng'ambo peke yake. Tebello Nyokong wa chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, aliyepewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO mwaka 2009, amefanya kazi kwa miongo kadhaa juu ya molekuli zinazorahisisha mwendo wa elektroni kwenye elektrodi, na maabara ya SensorLab ya chuo kikuu cha Western Cape, chini ya Emmanuel Iwuoha, imefundisha wanakemia wengi wa bara hili kutengeneza biosensa. Maabara ya kemia ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere yenye potentiostati, yaani chombo cha kudhibiti volti na kupima mkondo, inaweza kuanza kujaribu aptama za GFAP kwa elektrodi za kuchapwa bila kusubiri kiwanda.

Kazi ya vizingiti ni nyepesi zaidi ya hiyo. Majeruhi wa kichwa anayefika katika hospitali ya MOI, KCMC, Kenyatta au Mulago na kupigwa CT-scan tayari ametolewa damu kwa ajili ya vipimo vingine, na mililita moja ya ziada, ikihifadhiwa kwenye friza pamoja na saa ya ajali, alama za Glasgow, jibu la kipimo cha malaria na majibu ya picha, inatosha kuhesabia namba inayowafaa watu wa hapa. Kinachohitajika ni ridhaa ya wagonjwa au ndugu zao, idhini ya kamati za maadili, friza zenye umeme wa uhakika, mtakwimu, na makubaliano kati ya hospitali hizo kwamba sampuli na takwimu zitabaki mikononi mwao. Na yote hayo yanaweza kuanza kabla katriji hata moja haijanunuliwa.